Mwili Haupewi Nasaha
Hotuba kwa washauri nasaha na wahudumu wa afya, Dar es Salaam

Mwenyekiti wa kikao, wauguzi na maofisa ustawi wa jamii kutoka wilaya zetu zote tano, mashehe na wachungaji mnaogongewa milango usiku na mchana, washauri nasaha wenzangu: itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa kuzungumzia tiba ya mazungumzo inayofanya kazi na mwili na uhusiano, na jinsi inavyoweza kumbadilisha mtu. Nina jambo moja la kusema, na muda utakaobaki nitaeleza linavyofanyika. Jambo lenyewe ni kwamba sisi tunashauri mno. Mtu anakaa, anaeleza dakika 10, nasi tunamwaga nasaha dakika 40. Anaitikia, anashukuru, anaondoka. Jioni simu ileile ikilia, kifua kinambana vilevile. Hakukosa akili, na nasaha zenyewe pengine zilikuwa nzuri. Zimeingia panapofikiri, wakati shida imekaa kwenye mapigo ya moyo, pumzi, shingo na tumbo, ambako mwili ulijifunza zamani kwamba jambo fulani ni hatari. Mwili haujifunzi upya kwa kuambiwa. Unajifunza kwa kupatwa na jambo tofauti na lile uliolitarajia, tena mbele ya mtu ambaye hakimbii wala hakemei.

Wengi wanaotufikia wamezunguka kwingine kwanza. Wamepimwa malaria na taifodi mara kadhaa, wametumia dawa za vidonda vya tumbo, wamepimwa moyo kwa mashine, mwishowe wakaambiwa ni mawazo. Mtu huyo anaingia kwako akiwa na hasira kidogo, maana anajua fika kwamba maumivu ya kifua si ya kubuni. Usianze kumbishia. Lakini pia usidharau vipimo. Tezi ya shingo ikizalisha homoni kupita kiasi, mtu hutetemeka, hutokwa jasho, moyo humwenda mbio na usingizi hukatika. Dalili hizo ukiziweka kando ya zile za wasiwasi utashindwa kuzitenganisha kwa macho. Upungufu wa damu nao huleta moyo kudunda na kuchoka. Ukimpangia vikao 12 mtu ambaye alihitaji kipimo cha damu, umemchelewesha. Kwa hiyo swali la kwanza ni la kawaida kabisa: umeonana na daktari lini, na alipima nini?

Sasa mwili wenyewe. Mwaka 1915 Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard alieleza jinsi mnyama aliyetishwa anavyojiandaa kupigana au kukimbia: adrenalini inamwagika, moyo unaongeza kasi, damu inahamia kwenye misuli mikubwa, usagaji wa chakula unasimama. Ndiyo maana mtu mwenye hofu ya muda mrefu analalamikia tumbo. Hali ya tatu ni kuganda: mtu hawezi kupigana wala kukimbia, basi mwili unatulia kwa nguvu, sauti inapotea, wakati mwingine hata maumivu hayasikiki. Waliobakwa au waliopigwa utotoni mara nyingi hujilaumu: mbona sikupiga kelele? Kumweleza mtu huyo kwamba kuganda ni mwitikio wa mwili, ambao hakuuchagua, ni sehemu ya tiba. Hilo ni mojawapo ya maelezo machache ninayoshauri yatolewe mapema, kwa sentensi tatu au nne, bila mchoro wa ubongo.

Kuna pia neva ya vagasi, inayotoka kwenye shina la ubongo na kushuka hadi moyoni, mapafuni na tumboni. Sehemu kubwa ya nyuzi zake, takribani 80 kati ya 100, hupeleka habari kutoka mwilini kwenda ubongoni. Nadharia ya Stephen Porges kuhusu neva hii, aliyoitoa mwaka 1994, inapendwa sana kwenye mafunzo, ila madai yake kadhaa yanapingwa na wanafiziolojia. Huna haja ya kuibeba yote ili ufanye kazi. Inatosha kujua jambo ambalo halina ubishi: ukivuta pumzi moyo unaongeza kasi kidogo, ukiitoa unapunguza.

Hapo ndipo linapoanzia kosa tunalolifanya kila siku. Mteja anahema, nasi tunamwambia, "Vuta pumzi ndefu." Anavuta. Anavuta tena. Mwenye wasiwasi tayari anavuta hewa nyingi kuliko anayoihitaji. Tukimwongezea, kabonidioksaidi inapungua kwenye damu, vidole vinaanza kumchonyota, midomo inakufa ganzi, kichwa kinazunguka, naye anaamini sasa ndiyo anakufa. Mwambie aitoe. Avute kwa hesabu ya 4, kiasi cha kawaida bila kujaza kifua, aitoe kwa hesabu ya 6, mdomo ukiwa kama wa mtu anayepuliza chai. Hiyo ni pumzi 6 kwa dakika. Dakika 2 au 3 zinatosha. Na ufanye naye; usimtazame akifanya peke yake kama mwanafunzi wa mtihani.

Upande wa pili ni uhusiano, na hapa tuna jambo la jirani zetu. Mwaka 1954 na 1955 Mary Ainsworth alikaa vijijini karibu na Kampala akitazama akina mama 26 na watoto wao. Aliona kwamba mtoto anayejua mama yupo hutambaa mbali, hugusa vitu, hugeuka kumtazama mama, kisha huendelea. Ujasiri wa kwenda mbali ulitokana na uhakika wa pa kurudi. Sehemu kubwa ya kazi iliyojenga nadharia ya mafungamano, yaani jinsi mtoto anavyoshikamana na mlezi wake, inayofundishwa leo Ulaya na Marekani, ilifanyika Uganda. Miaka ya 1970 Edward Tronick wa Marekani aliwaomba akina mama wamtazame mtoto mchanga kwa uso usio na hisia kwa dakika chache. Mtoto hutabasamu, hunyoosha mikono, hupiga kelele, kisha hugeuza uso na mwili kulegea. Watu hukumbuka sehemu hiyo tu. Sehemu yenye faida kwetu ni nyingine: Tronick alionyesha pia kwamba hata mama mwema na mwanawe huwa wameelewana barabara kwa karibu theluthi moja tu ya muda. Muda uliobaki wanapishana na kurekebishana. Kinachomjenga mtoto ni kule kurekebishana.

Mwaka 1946 Franz Alexander na Thomas French waliandika kwamba mgonjwa hupona anapokutana tena na hali iliyomshinda zamani, safari hii akiwa na mtu anayeitikia tofauti na wale wa mwanzo. Eugene Gendlin, mwanafalsafa aliyefanya kazi na mwanasaikolojia Carl Rogers, akasikiliza mikanda ya vikao vingi kutafuta tofauti kati ya waliobadilika na ambao hawakubadilika. Waliobadilika walikuwa wakiongea kwa kusitasita. Walisema neno, wakasimama, wakasikiliza ndani, wakasema, "Hapana, siyo hivyo." Wasiobadilika walieleza mambo yao kwa ufasaha. Nawaomba mlikumbuke hilo mnapomsifu mteja anayejieleza vizuri.

Tuje kwenye chumba. Viti viwili vya urefu mmoja. Si wewe kwenye kiti cha ofisi cha kuzunguka na yeye kwenye kiti cha plastiki. Viwekwe kwa pembe, magoti yasielekeane, umbali wa mita 1 na nusu hivi, na mteja auone mlango. Mwili ulioogopeshwa haupumziki mlango ukiwa mgongoni. Meza isikae katikati. Feni inayopiga kelele mnasaidiwa nayo, kwa sababu nyumba zetu zimeshikana na mtu anajua sauti inavuka ukuta. Kama hakuna feni, weka redio kwa sauti ndogo nje ya mlango. Kitambaa au karatasi laini ziwe mahali anapofika mwenyewe. Ukimkabidhi pale machozi yanapotoka tu, mwili wake unasikia: futa, imetosha. Kikao dakika 50, siku ileile, saa ileile kila wiki. Akichelewa dakika 20 kwa foleni ya Mbagala, malizeni kwa wakati uliopangwa, na mwambie mapema kwamba ndivyo itakavyokuwa. Kutabirika ni dawa kwa mtu aliyekulia nyumba ambayo hakuna aliyejua baba atarudi na hali gani.

Vikao viwili au vitatu vya mwanzo havigusi jeraha. Unajua anataka nini, anaishi na nani, nani anamsaidia, anakula nini, analala saa ngapi, anaswali au anasali wapi, na lini mara ya mwisho alijisikia salama hata kwa dakika 5. Hilo la mwisho ndilo hazina. Mwingine atasema akiwa ufukweni Kigamboni alfajiri. Mwingine, jikoni kwa shangazi. Muulize akiwa pale mwili ulikuwaje, mabega, pumzi, miguu. Hapo ndipo mtakaporudi kila mambo yakipanda. Mtu akikumwagia simulizi lote siku ya kwanza, usifurahi kwamba amekuamini. Mpunguze mwendo kwa heshima: "Haya ni mazito, na nataka tuyapitie yote. Leo tusiyamalize." Wanaomaliza yote siku ya kwanza ndio wasiorudi ya pili, walipofika nyumbani walitetemeka usiku kucha na wakaona aibu. Uji wa moto hunywewa pembeni.

Daniel Siegel mwaka 1999 alieleza kwamba kila mtu ana upeo ambamo anaweza kuhisi na kufikiri kwa pamoja. Kazi yetu inafanyika ndani ya upeo huo. Akivuka juu utaona pumzi fupi za kifuani, maneno ya haraka, macho yanahangaika, viganja vinatoka jasho. Akishuka chini, sauti inafifia, macho yanatazama mbali, majibu yanachelewa, "sijui" zinaongezeka, mikono inakuwa ya baridi. Tiba za hali hizi mbili hazifanani, na wengi tunazichanganya. Aliye juu umpunguze: pumzi ya kutoa, miguu yote sakafuni, mgongo uegemee kiti. Aliyeshuka chini ukimpa pumzi za taratibu na kumwambia afumbe macho, unamzamisha zaidi. Huyo mwambie asimame, akanyage sakafu kwa nguvu, asukume ukuta kwa viganja, anywe maji, ataje vitu vitano anavyoviona chumbani. Na macho usimlazimishe mtu yeyote kuyafumba.

Tutazame kazi yenyewe kwa karibu, kwa mfano wa kutunga. Mama wa miaka 52 ana duka la vitenge Kariakoo. Kila simu ya kaka yake mkubwa ikiingia koo linamkaba, anatuma hela, kisha usiku halali. Mshauri ni binti wa miaka 29. Ametoa shikamoo, ameitikiwa, "Marahaba, mwanangu." Tayari pana kazi hapo, nitairudia. Mama anasimulia habari za kaka.

"Mama, uliposema 'kaka akipiga', mkono wako ulipanda shingoni."

"Eh! Kweli. Wala sikuuona."

"Kama haukusumbui, uache hapo hapo kidogo. Hapo shingoni pakoje?"

"Pamebana."

"Pamebana."

"Kama kuna neno limekwama. Hapana, si neno… Ni kama mtu ameniziba mdomo."

Anashusha pumzi ndefu bila kuambiwa, mabega yanatelemka. Hiyo ndiyo alama kwamba maneno na mwili vimekutana. Mshauri anarudia neno lake lilivyo, "Ameniziba mdomo," halafu ananyamaza. Sekunde 20 za ukimya ni ndefu sana kwa sisi tuliofundishwa kuongea, hesabuni kimoyomoyo. Kishawishi cha kuuliza "Nani alikuziba?" kitakuwasha. Kizuie. Swali hilo litamrudisha kichwani, ataanza kueleza, na koo litaachwa peke yake.

Badala yake: "Huo mkono, kama ungeachiwa, ungependa kufanya nini?" Mkono unatoka shingoni taratibu, kiganja kinatazama mbele, kama anayesimamisha kitu. Mshauri anamwomba arudie polepole zaidi, mara mbili au tatu, huku akimwangalia. Polepole ni lazima. Ukifanyika haraka unakuwa mchezo wa kuigiza. Kisha maneno yanakuja yenyewe: "Kaka, mwezi huu sina." Anayasema kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia kwa kaka, mbele ya mtu ambaye hakununa wala kumwita mchoyo. Mshauri anauliza koo likoje sasa. "Limelegea, ila moyo unadunda." Inatosha. Wanarudi kwenye miguu na sakafu, kwenye jiko la shangazi, pale mama alipowahi kujisikia salama. Yote hayo ni dakika 12.

Kinachofuata ndicho kinachoharibu kazi za wengi: kumwagiza mama kesho akamkatalie kaka. Usimwagize. Zoezi la wiki liwe dogo: simu ikiita, kabla ya kupokea, asikie miguu yake sakafuni, atoe pumzi moja, apokee mlio wa tatu. Hela kutuma au kutotuma ni yake. Na nisieleweke vibaya. Kusaidia ndugu si ugonjwa, na mshauri anayewafundisha watu kuikata familia kwa jina la kujipenda hajui anaishi wapi. Tunachokitafuta ni mama atume akiwa ameamua, koo lake likiwa huru.

Turudi kwenye "mwanangu". Mama anayemwita mshauri mwanangu atamlinda mshauri. Hatamlilia sana, hatamlalamikia, atasema ndiyo kwa adabu. Jeremy Safran na Christopher Muran walizigawa nyufa za uhusiano wa tiba mafungu mawili: mteja anayekukabili na mteja anayejitoa taratibu. Hapa kwetu wa kwanza ni nadra. Wa pili ndiye tunayempoteza kila wiki, na anaondoka na maneno mazuri: "Asante sana, nimekuelewa, Mungu akubariki." Wiki ijayo foleni, wiki ya pili msiba, wiki ya tatu simu haipatikani.

Ufa unaonekana kwanza mwilini. Tuseme kikao kinaendelea, mama anamzungumzia marehemu mama yake, na mshauri anatupia jicho saa ya ukutani. Miguu ya mama inarudi chini ya kiti. Sauti inashuka. Anasema, "Basi, ndiyo hivyo." Wengi tutapita hapo kama hatukuona. Mshauri huyu anasema:

"Mama, nimetazama saa ukiwa unamtaja marehemu, nikaona umerudisha miguu. Naomba radhi. Umeonaje nilipofanya vile?"

"Aa, hakuna shida mwanangu, najua mna kazi nyingi."

"Inawezekana hakuna. Ila kama ipo hata kidogo, ningependa kuisikia. Sitakasirika."

Kimya. "Nimejiona nakuchosha."

Hapo mshauri akisema "Hapana mama, nilikuwa naangalia muda tu," amekwisha. Ameeleza nia yake, na mama amezibwa mdomo kwa mara nyingine, kwa upole. Jibu ni fupi: "Umejiona unanichosha, ukanyamaza. Nashukuru umeniambia." Kisha wanatazama pamoja koo likoje baada ya kulisema hilo kwa mtu anayehusika, usoni, na dunia haijaanguka. Kwangu mimi dakika hizi 5 zina uzito kuliko zile 12. Zile zilikuwa kuhusu kaka asiyekuwepo. Hizi zimetokea kweli kati ya watu wawili waliopo, na mwili wa mama umepata ushahidi wa kwanza kwamba anaweza kulalamika na akabaki anapendwa na kuheshimiwa. Ndiyo maana hatuhitaji mshauri asiyekosea. Tunahitaji anayeona haraka.

Kuna mambo mengine yanayoharibika, nitayapitia mbiombio. Usimtafsirie mtu mwili wake. "Mabega yako yanabeba mzigo wa familia" ni ubashiri wa kiganja uliovaa koti jeupe, uliza, usitangaze. Usiulize "unahisi nini mwilini?" kwa mtu ambaye hajazoea, hajui unataka nini na anajiona amefeli. Uliza kitu cha kushikika: viganja vina joto au baridi? Pumzi inafika kifuani au tumboni? Kwa baadhi ya watu, hasa wenye mashambulizi ya hofu na waliofanyiwa ukatili wa kingono, kuelekeza macho ndani ya mwili huongeza hofu. Hao waanze na nje, sauti za barabarani, rangi ya ukuta, ubaridi wa glasi ya maji mkononi, kwa wiki kadhaa ikibidi.

Kugusa: usiguse. Wapo waliosomea tiba za kugusa, na wana taratibu zao za ridhaa kwa kila mguso. Sisi wengine tunao mkono wa mteja mwenyewe, anauweka kifuani pake au tumboni. Kusalimiana kwa mikono ni mila yetu, ila mwachie mteja aanze. Wapo wasiopeana mikono na wa jinsia nyingine kwa sababu za dini, na hawapaswi kukueleza.

Na mwili wako wewe. Ukijikuta umebana pumzi huku mteja anasimulia, huenda yeye pia ameibana. Ukisikia hamu kali ya kushauri, jiulize ni mateso ya nani unataka kuyatuliza. Mara nyingi ni yako. Wateja wanne au watano kwa siku kwa kazi ya namna hii wanatosha, na dakika 10 kati yao za kutembea na kunywa maji. Anayepokea tisa anawasikia wanne.

Mipaka sasa. Kama hatari bado ipo nyumbani, kumtuliza mtu ni kumfundisha kuvumilia kipigo. Huyo kwanza anahitaji usalama: dawati la jinsia na watoto la polisi, hospitali, ndugu wa kumhifadhi, kwa mtoto, namba 116 hupigwa bure. Anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, asiyelala siku kadhaa huku ana nguvu za ajabu, anayepanga kujiua, apelekwe kwa daktari wa magonjwa ya akili, Muhimbili au hospitali ya rufaa iliyo karibu, na wewe usimwache njiani. Ulizeni kujiua kwa maneno ya wazi. Kuuliza hakumpi mtu wazo hilo.

Ushahidi tuuseme ulivyo. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2018 wa Christoph Flückiger na wenzake ulikusanya tafiti 295 na kukuta kwamba ubora wa uhusiano kati ya mteja na mtaalamu unaendana na matokeo katika aina zote za tiba, kwa kiwango cha wastani, si cha miujiza. Kwa njia za mwili pekee ushahidi bado ni mdogo: jaribio la Israel la mwaka 2017 kwa njia ya Peter Levine ya kutibu kiwewe kupitia mwili lilikuwa na watu 63 na vikao 15, likaonyesha nafuu ya kiwewe. Kwa kulinganisha, jaribio la Moshi na Bungoma, Kenya, lililochapishwa mwaka 2020, la tiba ya fikra na tabia kwa watoto waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili, lilikuwa na watoto 640, na walioitoa walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa. Kwa hiyo anayekuuzia cheti cha siku 2 akisema tiba nyingine zimepitwa na wakati, mwachie cheti chake. Haya ninayoyasema yanaingia ndani ya tiba unayoijua tayari.

Pimeni. Dodoso la PHQ-9, la kupima dalili za sonona, lipo kwa Kiswahili, maswali 9, alama kuanzia 0 hadi 27, linajazwa kwa dakika chache. Lijazwe kikao cha kwanza, kisha kila kikao cha nne, na swali la 9, linalohusu mawazo ya kufa, lisomwe kabla mteja hajatoka mlangoni. Mwisho wa kila kikao uliza mambo mawili: leo umesikika kiasi gani, na nini tungefanya tofauti? Anayejibu "kila kitu kizuri" wiki tano mfululizo, kumbukeni miguu ya chini ya kiti. Ikifika kikao cha 6 alama hazijasogea, lisemeni pamoja, wazi, na fikirieni njia nyingine au mtu mwingine.

Mabadiliko yenyewe huja bila tangazo. Mteja anasema amelala saa 6 mfululizo. Au amemkatisha konda aliyemzidishia nauli, kisha akashangaa. Au anakuja amekasirika na wewe na anakuambia. Hilo la mwisho washauri wengi hulipokea kama balaa.

Baada ya chai tutakaa wawili wawili, dakika 5 kila mmoja. Msemaji achague jambo lenye uzito wa 3 kati ya 10. Fundi aliyekula hela, siyo msiba. Msikilizaji haruhusiwi kushauri, kufariji kwa mfano wake, wala kusema "usijali". Anaruhusiwa kurudia maneno ya mwenzake na kutaja kitu kimoja tu alichokiona mwilini, kisha asubiri. Akishikwa na hamu ya kushauri, aangalie imemshika wapi, kifuani au mdomoni, aandike kwenye karatasi. Hizo karatasi ndizo tutakazozijadili saa 6. Viti viko nyuma ya ukumbi, msivipange vikatazamana.